Kila Dubwana Lina Kwao

Mazungumzo ya leo yanatoka hapa Ndandalo, na yanawahusu hasa vijana wanaojaa vibandaumiza jioni, kuanzia huku kwetu mpaka Kyela mjini, Ipinda, Matema na Kasumulu. Nataka tumzungumzie Godzilla na madubwana wenzake wa Kijapani. Imepita miaka 70 na ushei tangu muvi ya kwanza itoke, na kila baada ya muda madubwana yale yale ya zamani hufufuliwa, yakapandishwa kimo, yakagombanishwa upya. Vijana nao hubishana mpaka usiku: nani mkali, nani alimpiga nani, nani alishindwa kwa hila. Ubishi huo ni mtamu, siuzuii. Swali ninaloona linaachwa ni hili: dubwana hili kwao ni wapi, na lilitokea kwa watu gani?

Nikisema watu gani, nina maana ya kazi zao. Ukizirudia muvi za mwanzo kwa makini, utakuta madubwana hayakuanzia kwenye maghorofa ya Tokyo. Yalianzia kwa wavuvi. Yalianzia kwa wachimba makaa ya mawe. Yalianzia kwa watu wa visiwani ambao hakuna aliyewauliza neno. Maghorofa yalikuja kuvunjwa baadaye, na sisi tukabaki kuyakumbuka maghorofa.

Mchukue Godzilla mwenyewe. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Nguvu ya bomu lile ilizidi kwa mbali makadirio ya waliolitengeneza. Meli ya kuvua jodari iitwayo Daigo Fukuryu Maru, ya bandari ya Yaizu, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Ilikuwa na watu 23. Waliona mwanga upande wa magharibi, upande ambao jua halichomozi. Saa chache baadaye majivu meupe yakaanza kuwadondokea, mepesi kama pumba za mpunga zikipepetwa, yakawaingia kwenye nywele, machoni na mdomoni, nao wakaendelea kuvuta nyuzi zao kwa sababu samaki walikuwa bado majini. Walifika nyumbani karibu wiki mbili baadaye, wote wagonjwa. Samaki wakaanza kupimwa mionzi masokoni, jodari kwa tani wakatupwa, na mvuvi ambaye hata Bikini hakuijua akakosa wa kumuuzia. Mtu wa redio wa meli ile, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo.

Muvi ya Godzilla ikatoka tarehe 3 Novemba. Hazikutimia hata wiki sita tangu msiba ule. Inaanzia melini: vijana wamekaa sitahani, gitaa linapigwa, ghafla mwanga unalipuka baharini, maji yanachemka, meli inawaka, na mtu wa redio anatuma ujumbe wa kuomba msaada mpaka dakika yake ya mwisho. Mjapani aliyekata tiketi mwaka ule hakuhitaji kuelezwa anachokitazama. Mimi ninayezungumza nanyi kwa kipaza sauti siwezi kuitazama sehemu hiyo nikatulia. Wala ile ya baadaye, watangazaji wakiwa juu ya mnara, Godzilla anawasogelea, wao wanaendelea kutangaza, wanawaaga wasikilizaji wao, kisha mnara unaanguka nao.

Mwongozaji wa muvi ile, Ishiro Honda, alikuwa askari China wakati wa vita, akatekwa, na safari yake ya kurudi nyumbani mwaka 1946 ikampitisha Hiroshima. Aliyoyaona pale ndiyo aliyoyaweka kwenye picha: mama ameketi chini ya ukuta na watoto wake, mji unaungua, anawaambia kwamba muda si mrefu watamfuata baba yao. Kibandani watu hucheka Godzilla anapotokea, kwa sababu wanajua ni mtu ndani ya vazi. Wafike kwa mama huyu ndipo waniambie kama bado wanacheka.

Na kwa kuwa nimelitaja vazi, nilisemee kidogo, maana kazi ya mtu yule inastahili heshima. Mtaalamu wa picha za ujanja, Eiji Tsuburaya, alitaka dubwana la kusogezwa hatua moja moja na kupigwa picha moja moja, lakini hapakuwa na muda wa kazi hiyo. Basi akashonewa mtu vazi la mpira. Mtu huyo ni Haruo Nakajima, na la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, gumu, hewa haipiti, taa za studio zinachoma. Jasho lilikuwa linamwagwa kutoka ndani yake. Kabla ya kuanza, Nakajima alikwenda bustani ya wanyama kuwatazama tembo na dubu, namna wanavyouhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Kamera ilizungushwa kwa kasi kuliko kawaida ili picha ikionyeshwa mwendo uwe mzito. Zile nyumba ndogo anazozikanyaga zilijengwa na mafundi seremala kwa mkono, moja moja. Nakajima aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1972. Leo kompyuta inafanya makubwa zaidi, lakini uzito ule wa mguu bado naukosa kwenye muvi nyingi mpya.

Turudi kwenye asili. Mwaka 1955 akaja Anguirus, yule wa miba mgongoni, dubwana la kwanza kupigana na Godzilla. Walioliona kwanza ni marubani wa kampuni ya uvuvi ya Osaka, ambao kazi yao ni kuruka juu ya bahari kutafuta makundi ya samaki na kuwaarifu wenye meli. Wavuvi tena. Mwaka 1956 akaja Rodan, yule anayeruka. Muvi ya Rodan inaanzia chini ya ardhi, kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Kyushu. Maji yanajaa kwenye handaki, wachimbaji wanapotea mmoja mmoja, mwenzao anasingiziwa mauaji, wake zao wanasubiri mlangoni mwa mgodi. Sisi tunaopakana na makaa ya mawe ya Kiwira tunaijua sura ya mke anayesubiri mlangoni mwa mgodi. Rodan anaanguliwa kutoka kwenye yai ndani ya mwamba, na mwisho wake ni Mlima Aso, volkano inayotema moto. Wazee wa Unyakyusa wana habari za Mlima Kyejo, uliotema moto karibu mwaka 1800, na za joka la Ziwa Ngosi. Nakuhakikishia, mzee wa Rungwe akisimuliwa Rodan hatashangaa hata kidogo. Atauliza tu mlima upi.

Kisha 1961 akaja Mothra, nondo mkubwa kuliko nyumba. Kwao ni kisiwa ambacho taifa kubwa lilikifanyia majaribio ya bomu likidhani hakina watu. Kina watu, na kina mabinti wawili wadogo sana wa kimo, wanaoimba. Mfanyabiashara anawateka mabinti, anawapeleka Tokyo, anawaweka jukwaani na kuuza tiketi. Mothra anavuka bahari kuwafuata. Havunji mji kwa ukatili. Anawatafuta mabinti wale, na mji umesimama njiani. Kwangu hiyo ndiyo hadithi ya haki kuliko zote katika mfululizo mzima.

Lakini hapohapo moyo wangu unauma, na lazima nilitaje. Wenyeji wa kisiwa kile ni Wajapani waliopakwa rangi ya kahawia, wanacheza ngoma ya kubuni mbele ya sanamu ya kubuni. Muvi ya King Kong na Godzilla ya mwaka uliofuata ikafanya hivyohivyo, tena vibaya zaidi. Watu waliokuwa wakiwalilia wavuvi wao hawakuona tabu kumchezea mwenyeji wa kisiwa cha mwingine. Wakati huohuo watu halisi wa Visiwa vya Marshall, waliopatwa na majivu yale yale ya Bikini, hawakuwa na muvi yao. Kijana anayetazama Mothra leo hapa Kyela aijue sehemu hiyo pia, asiipite kwa kuwa ngoma imechangamka.

Mwaka 1964 jambo kubwa likatokea. Akashuka King Ghidorah, joka la vichwa vitatu kutoka angani, na Mothra akawashawishi Godzilla na Rodan waungane kumkabili. Kwa lugha ya bandani, adui akawa stelingi. Tangu hapo watoto wa Japani wakamshangilia Godzilla. Siwalaumu watengenezaji, watoto ndio waliokuwa wakijaza kumbi. Ila kidogo kidogo yule mtu wa redio wa melini akasahaulika.

Aliyekuja kukumbusha ni Hedorah, mwaka 1971, na ningependa muvi hii ionyeshwe shule zote za wilaya yetu. Hedorah ni dubwana la uchafu. Miaka ile Japani ilikuwa inatajirika kwa viwanda. Ghuba ya Suruga, ile ile yenye bandari ya Yaizu, ilijaa tope la viwanda vya karatasi. Kule Minamata, kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, samaki wakala, paka wakala samaki, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968. Miaka 12 mvuvi wa Minamata alikuwa anaona mtoto wake anakakamaa mikono na kuambiwa sababu haijulikani. Ndani ya muvi, anayemleta Hedorah wa kwanza kwa mwanasayansi ni mzee mvuvi, akiwa amebeba kiumbe kama kiluwiluwi alichokinasa baharini. Mvuvi yuleyule ndiye wa kwanza kuona, kila mara.

Msidhani hayo ni ya Japani peke yake. Hapahapa mkoani kwetu, Chunya, wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki, wanaishika kwa mikono mitupu, wanaichoma jikoni moshi ukipita puani. Mkataba wa dunia wa kuzuia zebaki umepewa jina la Minamata. Ukitaka kujua Hedorah angezaliwa wapi kama angezaliwa kwetu, pa kuanzia ni pale.

Na Godzilla? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Urani iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, Kongo. Kampuni ya Kibelgiji ilimiliki mgodi, na mwaka 1940 ilikuwa imekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale mpaka New York. Waliochimba, waliochagua mawe kwa mikono na kujaza magunia walikuwa Wakongo, na Katanga ni nchi ya Kiswahili. Hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini, wala yanawafanya nini wao wenyewe. Basi anayesema Godzilla ni habari ya Wajapani amekata kamba katikati. Ncha moja iko Hiroshima na Yaizu, nyingine iko kwa watu ambao tungeweza kusalimiana nao bila mkalimani.

Karibu zaidi, kule ng'ambo ya mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, uko mgodi wa urani wa Kayelekera. Ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimama 2014 bei ya urani iliposhuka, na mwaka 2025 ukarudi kazini. Maji ya bonde lile yanaingia mto Sere, Sere unaingia Rukuru ya Kaskazini, na Rukuru inamwaga Ziwa Nyasa, kwenye maji haya haya tunayovua mbasa na dagaa. Sisemi ziwa limeharibika. Nasema mvuvi wa Kyela ana haki ya kujua maji yanapimwa na nani, mara ngapi, na majibu yanabandikwa wapi ili naye ayasome. Wavuvi wa Yaizu hawakupewa nafasi ya kuuliza kabla.

Watoto huuliza kama Godzilla yupo kweli. Hayupo. Lakini majitu ya kale yalikuwepo, tena kwenye ardhi hii. Karonga ilichimbuliwa mifupa ya Malawisaurus, na mfano wake umesimamishwa kwenye makumbusho ya mji ule, safari fupi kutoka Kasumulu kwa anayetaka kuwapeleka wanafunzi. Upande wetu, bonde la Ruhuhu, miaka ya 1930 ilipatikana mifupa ya kiumbe cha miaka zaidi ya milioni 240, huenda dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana. Ikapelekwa Uingereza, ikakaa huko miongo kadhaa, na Desemba 2012 kiumbe kikatangazwa kwa jina la Nyasasaurus, jina la ziwa letu. Watoto wetu wanawajua Rodan na Ghidorah lakini huyu hawamjui, na hilo ni deni letu sisi wakubwa.

Sasa nije kwenye kurudi kwa madubwana ya zamani. Mwaka 2004, Godzilla akitimiza miaka 50, kampuni ya Toho ilitoa muvi iliyokusanya madubwana mengi ya zamani mahali pamoja. Vijana wanaipenda sana, kwa kuwa ngumi hazipoi. Mimi naitazama kwa huzuni. Anguirus, yule waliyemwona watafuta samaki wa Osaka, anajikunja mviringo na wenzake wanampiga teke wakimchezea mpira. Hedorah, aliyebeba kilio cha Minamata na Suruga, anaonekana kwa sekunde chache, anatupwa ndani ya jengo na kuteketezwa. Kuna babu mmoja anayemweleza mjukuu wake, kwa maneno machache, kwamba Godzilla ana hasira kwa sababu ya moto waliouwasha binadamu. Babu huyo ndiye peke yake aliyekumbuka.

Ya mwaka 2001, ya mwongozaji Shusuke Kaneko, ni kazi ya aina nyingine kabisa. Humo Godzilla amebeba roho za watu waliouawa katika Vita vya Pasifiki, na anarudi kwa kuwa Japani imewasahau. Wanaomzuia ni walinzi wa kale wa nchi: Baragon, Mothra, na Ghidorah, ambaye safari hii yuko upande wa wema. Kaneko alitaka kuwatumia Anguirus na Varan, kampuni ikataka majina yanayouzika. Akayachukua majina yanayouzika na bado akayapa asili. Huo ndio ufundi. Unaweza kumgeuza adui akawa stelingi, ukambadilishia na umbo, mradi ujue anamlilia nani.

Na ile ya 2023, ya Takashi Yamazaki, iliyopata tuzo ya Oscar ya picha za ujanja mwezi Machi 2024 kwa kazi ya timu ya watu wasiofika 40, imerudi moja kwa moja baharini. Vita vimekwisha, watu hawana kitu, na kijana aliyekimbia kufa vitani anapata kibarua cha kutegua mabomu ya majini kwa mashua ya mbao. Serikali haina la kufanya, Wamarekani hawataki kujiingiza. Wanaokwenda kumkabili Godzilla ni watu wa kawaida waliowahi kuishi melini, kwa hesabu ya maji na hewa na kamba. Kila mtu wa bandari ya Itungi aliyewahi kusukuma mtumbwi upepo ukiwa mbaya ataielewa mipango yao bila kutafsiriwa.

Hapo ndipo nawageukia wanaotafsiri muvi vibandani. Tangu enzi za Lufufu wa Dar es Salaam, na kwa Wakenya DJ Afro, mtu wa kipaza sauti ndiye mwenye muvi bandani. Anaongeza, anafafanua, anawapa watu majina. Muvi za madubwana zinampa nafasi ambayo muvi za ngumi hazimpi, kwa sababu dubwana linaweza kutembea dakika nzima bila mtu kusema neno. Dakika hiyo inatosha kumtaja Kuboyama. Inatosha kuitaja Shinkolobwe. Mtafsiri aliyezoea kujaza nafasi hiyo kwa vichekesho ajaribu siku moja kuijaza kwa habari, aone kama banda litaondoka.

Kwa mwenye banda anayenisikiliza, ratiba ninayopendekeza ni hii. Anza na ya 1954, ile nyeusi na nyeupe, dakika 96 tu. Ifuate Rodan, kisha Mothra. Hedorah iwe Jumamosi mchana, watoto wakiwepo. Halafu ya 2001, halafu ya 2023. Ile ya 2004 ije mwisho, watazamaji wakiwa wamekwisha kuwajua wanaopigana ni akina nani.